Kamusi ya Chini ya Meza

Dada yangu alibakiwa na neno moja tu, nalo ni "basi."

Kiharusi kilichukua mengine yote asubuhi moja akiwa anapiga mswaki, kikachukua na upande wake wa kulia. Miezi minane iliyofuata tuliiendesha nyumba kwa neno hilo. Basi ya chai ilikuwa fupi. Basi ya kutaka dirisha lifunguliwe ilipanda juu mwishoni. Basi ya kunifukuza chumbani, niache kukunja shuka lililokwisha kunjwa, ilikuwa ndefu na ya puani, na hiyo niliisikia kuliko zote. Nilijisifu kwamba nazielewa zote. Wageni walikuja wakamsikia, wakanigeukia mimi, nami nikawatafsiria kwa madaha kama mkalimani wa ikulu.

Mimi ni fundi cherehani. Mama yetu alikuwa fundi cherehani, na nyumba hii ni yake: chumba cha mbele cha kazi, na vyumba viwili nyuma. Kitanda cha Dada nilikiweka mahali ambapo, mlango ukiwa wazi, ananiona nikikata nguo. Mchana nilimsogeza na kiti chake hadi kwenye meza ya kukatia, akakaa hapo anasinzia, nami napiga pedali, na siku zilipita hivyo moja ndani ya nyingine bila kugongana. Nakiri nilikuwa na furaha. Si jambo zuri kulisema mbele ya ugonjwa wa mtu, lakini nilikuwa na furaha. Nilikuwa na Dada yangu nyumbani, na hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi.

Halafu akaja Mhandisi.

Mhandisi ni mwanawe wa pekee. Namwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi yake, anajenga madaraja, na kwa sababu inamkera. Anaishi mbali, safari ya siku mbili, na mke mmoja na mapacha wa kike wa miaka sita. Alikuja na likizo ya wiki moja na begi dogo. Jumatatu, kabla hata hajavua viatu, akasema:

"Mama mdogo, nimekuja kumchukua mama."

"Kumpeleka wapi?"

"Kwangu. Nimeongea na mke wangu. Chumba kipo, hakina ngazi. Wewe umechoka."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Macho yako."

"Macho yangu ni ya fundi. Yamekuwa hivi tangu hujazaliwa. Na huko kwako nani atajua basi ipi ni ya maji na ipi ni ya dirisha? Au utalijengea daraja?"

Akainama akavua viatu. Ndivyo alivyo tangu mtoto. Ukimpandishia yeye anashuka. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake, akamshika mkono.

"Mama, unataka kwenda na mimi, au unataka kukaa hapa na mama mdogo?"

"Basi," akasema Dada.

"Umesikia?" nikasema.

"Nimesikia. Amekubali."

"Amekukatalia, wewe!"

Tukabishana pale kama wachuuzi wawili juu ya mteja mmoja, na mteja anatutazama. Kumwambia atikise kichwa hakukusaidia. Kuelewa alielewa kila kitu, ila kichwa kilimponyoka: alikusudia hapana kikaitikia ndiyo, akakasirika, kikaitikia tena. Hospitali walituonya tusikiamini. Muuguzi wa mazoezi ya kusema alikuwa amemletea kadi za herufi ili aoneshe kwa kidole anachotaka. Dada alizitazama kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga, halafu akazifagia zote sakafuni. Na huyu ni mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Kuna wazee wenye vipara wanaomwamkia barabarani kwa uoga hadi leo, kwa sababu ndiye aliyewashika mkono wakaandika herufi yao ya kwanza.

"Naondoka Jumamosi," Mhandisi akasema. "Kama kuna njia ya kujua anachotaka, mama mdogo, nitaifuata. Nikijua anataka kukaa, sitasema neno. Lakini sitaondoka kwa basi."

Usiku huo sikupika vizuri.

Jumanne mchana nilikuwa nakata bitana ya koti. Mhandisi alikuwa ametoka kwenda kununua dawa. Dada alikuwa kitini kwake pembeni mwa meza, nikadhani amelala. Nilipogeuka kuchukua pini, nikasikia chaki inakwaruza kitambaa. Alikuwa ameishika chaki yangu kwa mkono wa kushoto, ule mzima, na anachora juu ya bitana: mistari miwili mifupi, duara lenye nukta mbili, kijindoana, mstari uliolala.

"We Dada! Bitana ya watu hiyo!"

Nikanyoosha kiganja nifute. Kikasimama hewani chenyewe, kabla ya akili yangu. Duara lenye nukta mbili. Nililijua. Lilikuwa jina langu.

Hapa lazima nirudi nyuma, tena nishuke chini.

Meza ya mama ilikuwa kubwa, ubao mmoja mnene, na vitambaa vilivyokuwa vikikatwa vilining'inia pande zote mpaka karibu na sakafu. Dada alikuwa na miaka tisa, mimi sita, na tuliishi humo chini. Mwanga uliingia kwa kupitia kitambaa cha siku hiyo. Siku za sare za shule ulikuwa wa buluu, na mikono yetu ilikuwa ya buluu, na tuliongea polepole. Siku za mapazia mekundu tuligombana. Kulikuwa na siku moja ya hariri ya manjano, gauni la bibi harusi fulani, ambayo hata sasa nikifumba macho inakuja yenyewe, na harufu ya pasi juu yake. Nje tuliona miguu ya mama tu. Juu ya vichwa vyetu mkasi wake ulitafuna ubao, kata, kata, kata, nasi tulilala chali tukiusikiliza mpaka usingizi ukatupitia.

Huko ndiko Dada alikobuni lugha. Tuliiita Kichini, kwa kuwa kilisemwa chini. Kilikuwa na maneno yake hasa, si maneno ya kugeuzageuza silabi kama watoto wengine walivyofanya. Dada aliwadharau hao. Maji yalikuwa *simu*, mpaka nikacheka sana akabadilisha yakawa *esuli*. Mama alikuwa *lumora*. Kulala kulikuwa *tenenu*, na kulala huku unasikia mkasi kulikuwa neno lingine kabisa, *tenelku*, ambalo sijapata kuliona katika lugha yoyote ya watu wazima. Mimi alinipa jina la Kifungo kwa udogo wangu. Yeye alikuwa Mkasi, kwa sababu zilizo wazi.

Lugha ilipotimia akataka herufi. Tulizichukua kwa mama. Mama alikuwa na alama zake za chaki, alizojifunza kwa fundi aliyemfundisha: mistari miwili ya kuonesha vipande vinapokutana, duara la mahali pa kifungo, kijindoana cha pindo, mshale wa kufuata uzi wa kitambaa. Kila alama Dada aliipa sauti. Pale ambapo alama hazikutosha, alibuni nyingine za jamaa hiyohiyo, zikafika ishirini na saba. Tuliandika tukiwa chali, kwa penseli nene ya seremala, kwenye tumbo la meza, juu ya nyuso zetu. Mistari ilianza kichwani ikaelekea miguuni. Sentensi ya kwanza aliiandika siku niliyokuwa nalia nje kwa sababu ya jambo nisilolikumbuka. Alinivuta mguu, nikaingia, akanionesha juu kwa kidole, akanisomea: Njoo, kuna nafasi.

Tena kulikuwa na sheria moja. Mama akikuta mshono umekwenda upogo, aliuwekea alama ya fumua: msumeno wa meno matatu, kwa chaki nyekundu. Hakugomba. Alichora, akakurudishia. Hiyo hatukuipa sauti. Katika Kichini, aliyesema uongo alichorewa fumua kiganjani, na ilibidi aanze upya kusema mpaka kauli inyooke. Mimi nilichorewa mara nyingi sana.

Jambo jingine, na hili ndilo kubwa. Dada alizaliwa mashoto. Shuleni walimfunga mkono ule kwa kitambaa mpaka wa kulia ukajifunza kuandika, na mkono huo wa kulia ndio alioandikia ubaoni miaka yote. Lakini chini ya meza hakukuwa na mwalimu. Kichini alikiandika kwa kushoto. Mkono ule haukuwahi kufundishwa maandishi mengine yoyote.

Kwa hiyo nilipoiona bitana ile nilielewa yote kwa mara moja, isipokuwa kilichoandikwa. Zaidi ya duara la jina langu, sikukumbuka hata alama moja. Dada akanitazama, akasubiri. Nikamwambia, "Nimeona, Dada. Nimeona." Akasubiri zaidi. Halafu akaiweka chaki mezani taratibu, akafumba macho, na nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia tangu mama afariki.

Mhandisi aliporudi nilimwonesha.

"Maandishi gani haya?"

"Yetu. Ya utotoni."

Akainama, akayatazama muda mrefu kama anavyotazama michoro yake. "Na wewe unaweza kuyasoma?"

"Naweza."

"Yanasema nini?"

"Yanahitaji muda," nikasema. Akaniangalia kwa jicho la upande, lakini ni mtoto mwenye adabu.

Kilichokuwepo ni kwamba funguo zote za Kichini, herufi na maneno, Dada alikuwa ameziandika chini ya meza, kila alama na silabi yake ya kawaida pembeni, ili nisisahau. Na meza ni ileile. Jumatano asubuhi, Mhandisi akiwa anamtembeza mama yake uani kwa bakora, nilitandika kanga sakafuni, nikapiga magoti, magoti yakalalamika, nikajiingiza chini kidogo kidogo kama gunia linaloshushwa. Nikalala chali. Kitambaa cha siku hiyo kilikuwa cha kijani hafifu. Kwa dakika moja nzima sikuangalia juu kabisa. Nilibaki tu ndani ya ule mwanga, na kama mtu angeniuliza nina miaka mingapi ningemjibu kwa Kichini.

Kisha nikaangalia, na hakukuwa na kitu.

Kulikuwa na makovu. Mikwaruzo mirefu iliyopishana, doa jeusi la pasi, tundu la kisu. Hakuna penseli, hakuna hata nukta. Nikapapasa kwa kidole kama kipofu. Doa la pasi lilikuwa na umbo ninalolijua. Mimi ndiye niliyeunguza, nikiwa na miaka kumi na miwili, na mama alinikimbiza kwa hilo mpaka mtaa wa pili. Lakini doa lile lilikuwa juu ya meza. Mikwaruzo ile ilikuwa ya mkasi wa mama, na mkasi haukati kutoka chini.

Nikatoka huko na vumbi kichwani nikaenda moja kwa moja kwa seremala, nyumba ya nne, ambaye mtaa mzima unamwita Misumari.

"Ile meza yangu uliyotengeneza, uliifanya nini?"

"Mwaka gani huo, mama? Miaka kumi na miwili sasa. Ulisema juu kumechakaa, vitambaa vinanasa. Nikageuza ubao. Chini kulikuwa laini kabisa."

"Ukanigeuzia bila kuniambia?"

"Nilikwambia!" Akashika kiuno na msasa mkononi. "Nilikwambia kuna michoro ya watoto, nikupigie randa? Ukasema, wee, funika tu, kazi zinanisubiri. Ukaleta blanketi mwenyewe."

Ni kweli. Nilisema hivyo, kwa sauti hiyohiyo. Miaka kumi na miwili nilikuwa nakata nguo za watu juu ya lugha yetu, na kati yake na mkasi wangu kulikuwa na blanketi moja na kitambaa cha pamba.

Nilirudi, nikang'oa vimisumari vilivyoshika blanketi pembeni kimoja kimoja, nikakunja blanketi. Mhandisi alikuwa bado uani. Penseli ilikuwa imefifia ikawa ya fedha, lakini ilikuwepo, ubao mzima, mistari kwa mistari, kwa mwandiko wa mtoto mwenye haraka. Njoo, kuna nafasi. Nilisoma kwa kufuata funguo, silabi kwa silabi, kama wale watoto wa Dada wa darasa la kwanza, na midomo inacheza. *Esuli*. *Lumora*. *Tenelku*. Kila neno lilipofunguka lilitoka na mwanga wake, hili la buluu, hili la manjano. Nilizunguka meza. Nadhani nilikuwa nacheka. Mteja mmoja alichungulia mlangoni, akaniona, akasema atarudi kesho.

Bitana niliisoma sasa kwa urahisi. Ilisema: Kifungo, unaniona?

Nikazunguka mpaka pembe ya mwisho, ile iliyokuwa karibu na ukuta, na huko nikakuta neno nisilolijua. Si kwamba nimelisahau. Sikuwahi kuliona.

Pembeni yake kulikuwa na picha ndogo: kitambaa kinachoning'inia, na mguu mdogo umetokeza nje yake, na ndala iliyokatika kamba moja. Ndala ile ilikuwa yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa na kumi na minne, magoti yanamfika kidevuni, bado anaingia chini ya meza kwa ajili yangu. Wasichana wa shule walikuja kuniita wakaona miguu yangu. Wakauliza, mnafanya nini huko? Nikasema, "Ni mchezo wa dada yangu. Mimi nimekua." Nikatoka. Sikurudi siku ile wala siku yoyote, na hatukuwahi kukitaja tena Kichini, hata miaka hii sita tangu alipofiwa na mumewe akarudi kukaa nami. Mimi nilinyamaza kwa aibu. Yeye sikuwahi kumuuliza.

Kichini hakikuwa na neno la kuondoka. Hatukulihitaji, tungeondoka kwenda wapi? Kwa hiyo siku ile, mimi nikiwa nacheza barabarani, Dada alibaki peke yake chini ya meza na akalibuni. *Orami*. Akalichorea maana yake. Na chini yake akaandika mstari mmoja, wa mwisho katika meza nzima, nami niliusoma kwa kidole: Kifungo ame-orami. Si kosa.

Nililia pale pale, nikiwa na pini mbili mdomoni, kitu ambacho mama angenipigia kofi.

Alhamisi tuliketi watatu. Nilitandika kitambaa cheusi mezani, nikampa Dada chaki nyeupe, mpya, niliyoichonga ncha. Alikuwa ameona ubao umefunuliwa. Asubuhi ile nzima alikuwa ameweka kiganja cha kushoto juu yake bila kuondoa, na uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa mdogo. Sasa alikaa wima. Nilimjua Mkasi alipokaa hivyo.

Mhandisi akauliza swali lake tena, polepole. Kwenda, au kukaa.

Dada akaandika. Mkono ulipapasa mwanzoni, kisha ukashika njia. Aliandika kutoka kifuani kwake kwenda mbele, kama tulivyoandika zamani kutoka kichwani kwenda miguuni. Mistari mitatu. Akaweka chaki chini, akanitazama mimi, si mwanawe.

Nilisoma kimya. Neno la pili tu lilinitosha. *Orami*.

Mkasi anataka orami. Kule kuna wadogo wawili. Wale bado wanaenea chini ya meza.

Nilisoma mara mbili. Nje kuna mtu alikuwa anapiga ngoma ya bati, au fundi fulani ananyoosha kitu, na sauti ilikuja na kwenda. Mhandisi alikuwa amesogea mbele, mikono imebana katikati ya magoti, mkubwa mzima na mvi zake, ananisubiri. Duniani hapakuwa na mtu mwingine yeyote wa kumsomea.

"Anasema anataka kukaa," nikasema. "Anasema amezoea hapa."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nina maneno yangu. Lakini alishusha macho tu, akasema, "Sawa, mama mdogo. Kama mwenyewe amesema." Akamshika mama yake goti. "Sawa, mama. Nitakuja likizo. Nitakuja na watoto." Akaniamini, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Ningeweza kuubeba ubishi wake.

Dada hakukasirika. Alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akaushika wa kwangu, akaugeuza kiganja juu kama alivyofanya nikiwa na miaka saba. Akachukua chaki. Akachora meno matatu ya msumeno, polepole, akikandamiza, katikati ya kiganja changu. Chaki ya fundi ni baridi, na inateleza, na niliihisi mpaka kwenye kiwiko.

"Hiyo ni nini?" Mhandisi akauliza.

Nikafunga kiganja.

"Basi," akasema Dada. Ilikuwa ya sauti ya chini, na miezi minane yote sikuwahi kuisikia hiyo.

"Mama mdogo?"

"Ni fumua," nikasema. "Ni alama ya bibi yako. Inawekwa kwenye mshono uliokwenda upogo." Nilivuta kamasi kama mtoto. "Nimekudanganya. Ngoja nikusomee tena."

Nikamsomea, neno kwa neno, nikifuata kwa kidole ili aone kwamba siongezi wala sipunguzi. Nilipofika kwenye wadogo wawili, alisimama ghafla akaenda dirishani akatupa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Nami nikamgeukia Dada kwa hasira, ndiyo, hasira. Sijatakaswa na jambo hili hata kidogo.

"Na mimi je? Miezi minane nimekulisha, nimekuosha, nimekukunjia shuka!"

Akaniangalia. Halafu akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo, akaandika neno moja pembeni ya kitambaa. Nilihitaji kwenda kulitafuta kwenye ubao. Lilimaanisha: kupita kiasi.

Mhandisi akacheka na yeye, akiwa bado anajifuta macho.

Ijumaa nilimshonea gauni la kufunga vifungo mbele, vikubwa, ambavyo mkono mmoja unaviweza, na mfuko wa kushoto wenye kina wa kuwekea chaki. Mhandisi alipiga magoti mezani siku nzima akinakili herufi zote ishirini na saba kwenye karatasi za michoro yake, kwa rula, na Dada akimgonga kidole kila alipokosea. Alikosea mara nyingi. Nilimwambia kama madaraja yake yako hivyo basi mimi sivuki.

Jumamosi asubuhi gari lilikuja. Mapacha walikuwa kwenye simu wakipiga kelele zisizosikika vizuri. Dada alikuwa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, chaki mfukoni. Niliinama dirishani kumrekebishia ukosi, akasema basi, ile ndefu ya puani, nikauacha ukosi. Akanishika kiganja, kile kile, akakiangalia. Fumua ilikuwa imeshafutika kwa maji ya vyombo. Akakibusu.

Niliingia ndani. Nilipaswa kumaliza lile koti, na bitana yake mpya bado sijaikata. Lakini sikurudishia blanketi. Nilitafuta penseli ya seremala; niliiazima kwa Misumari, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza ya nini. Nikaenda kwenye pembe ya ukuta. Chini ya mguu wangu mdogo na ndala yake nikachora mguu mwingine, wa mtu mzima, wenye soksi ya hospitali, na bakora pembeni. Sijui kuchora, ulitoka kama kiatu cha askari. Nikaandika kwa herufi za Kichini: Mkasi ame-orami.

Hayo niliyaandika Jumamosi ileile, kabla chai haijapoa. "Si kosa" niliweza kuyaandika Jumatano iliyofuata.